Mguu Uliovunjika na Hesabu ya Miaka Ijayo

Katika vilima vya Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge kwenye barabara iendayo Nyanza-Lac, mchikichi ndio benki ya watu wengi, na mtu anayefungua mlango wa benki hiyo kila siku ni mkataji wa mikungu. Hupanda na mkanda uliozungushwa kiunoni mwake na kwenye shina, panga likining'inia mgongoni, miguu mitupu ikitafuta vishina vya makuti yaliyokatwa zamani. Mvua ikinyesha shina huteleza. Mkanda ukichakaa haumwonyi mwenyewe. Mawese yanayoungia maharage mezani Bujumbura, na sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta hayo, vyote vimepitia kwanza mikononi mwa mtu aliyekuwa juu, baina ya mbingu na ardhi, akitegemea ukanda mmoja.

Juu ya hatari hiyo yamekwisha kusemwa mengi. Jambo lisilozungumzwa sana majumbani ni saa nyingine ya hatari, ambayo huja miezi kadhaa baada ya kuanguka, wakati maumivu yamepungua na fedha zimekwisha. Hiyo ni saa ambayo mtu aliyeumia huletewa karatasi ili atie sahihi.

Yuko mkataji mmoja wa Kigwena, baba wa watoto wanne, aliyeanguka mwaka 2018 kutoka mchikichi mrefu kupita nyumba mbili. Alikuwa na umri wa miaka 34. Muundi wake ulivunjika mahali pawili na mfupa ukatoboa ngozi. Hospitali ya Rumonge walimsafisha jeraha na kumpeleka Bujumbura, nako akatiwa vyuma. Alirudi nyumbani kwa magongo, mguu mmoja umepungua urefu kwa upana wa vidole viwili. Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alilipa siku za kwanza za hospitali, akatuma mchele, akaja mwenyewe kumjulia hali. Lakini ajali hakuipeleka kunakohusika, ingawa jina la mkataji lilikuwa limeandikishwa katika Shirika la Taifa la Hifadhi ya Jamii, yaani INSS. Badala yake, mwezi wa saba, alimtuma karani wake na bahasha na karatasi.

Fedha za bahasha zilikuwa nyingi kuliko zote ambazo nyumba ile ilipata kuziona kwa siku moja. Shemeji yake mkataji, ndugu wa mkewe, ambaye ni mvuvi, alizihesabu kwa macho tu akazipatia kazi.

"Shemeji, hizi zinatosha mtumbwi na nyavu, na bado utabaki na za mabati. Mguu umekwisha kupona, unangoja nini?"

Mkewe hakujibu hilo. Aliuliza swali moja, na swali hilo ndilo lililoiokoa nyumba ile: "Baba watoto, mguu huu utaendelea kula mpaka lini, na kila mwaka utakula kiasi gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Karani akaombwa aiache karatasi mpaka Ijumaa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, na nyumbani pale hakuna aliyekisoma sawasawa. Walipompelekea mzee mmoja aliyestaafu ukarani, aliisoma mara mbili, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. Mstari huo ulisema kwamba kwa kupokea fedha hizo mfanyakazi anakiri kuwa madai yake yote yatokanayo na ajali ile, ya sasa na ya baadaye, yamekwisha. Neno lililomkera mzee yule lilikuwa "ya baadaye". Alisema mtu hawezi kuuza kitu ambacho bado hajakiona.

Hapa hapana budi kueleza jinsi mambo haya yanavyopangwa, maana wengi hudhani fidia ni huruma ya tajiri. Nchini Burundi Shirika hilo la INSS lilianzishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Taratibu zake zilipangwa upya kwa sheria ya mwaka 1999, kisha ikaja Kanuni ya Hifadhi ya Jamii ya Mei 2020. Katika mchango wa pensheni mwajiri na mfanyakazi huchangia wote wawili, lakini mchango wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Basi fidia ya ajali ni kitu kilichokwisha kulipiwa mwezi baada ya mwezi kabla mtu hajaanguka. Kuidai si kuomba.

Mwenye kuumia hupita ngazi mbili. Kwanza ni wakati wa matibabu, ambapo hupaswa kutibiwa na kupewa sehemu ya ujira wake kwa sababu hawezi kufanya kazi. Kisha daktari huandika kwamba jeraha limetulia. Kutulia si kupona. Maana yake ni kwamba hali haitarajiwi kubadilika sana tena, kwa uzuri wala kwa ubaya, na sasa yaweza kupimwa: mguu huu umempunguzia mtu asilimia ngapi za uwezo wake? Asilimia hizo ndizo huamua kama atalipwa mkupuo mmoja au malipo yatakayomfuata maisha yake yote. Watu wengi hugombana juu ya fedha wakasahau kugombana juu ya tarehe ya kutulia na juu ya asilimia, ilhali fedha ni mtoto wa hizo mbili.

Mkupuo una utamu wake. Huonekana, huhesabika, hujenga. Malipo ya vipindi ni madogo, hupotea katika chumvi na mafuta ya taa, na humlazimu mtu kusafiri kuyafuata. Ndiyo maana shemeji yule hakuwa mjinga, alikuwa anafikiri kama watu wengi wanavyofikiri. Lakini na aangalie hesabu. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 ya fidia za ajali kazini imeweka kwamba mtu aliyelemaa kabisa hulipwa ujira wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka minane. Aliyeumia akiwa na miaka 34 atakuwa na miaka 42 siku ambayo ujira ule, kama angeula kidogo kidogo, ungekwisha, na huenda mtoto wake wa mwisho bado yuko shule ya msingi. Watunga sheria wa Kenya waliliona hilo, kwa maana matibabu wameyaweka mbali na fungu hilo: mwajiri hulipa gharama za tiba zilizo za haki, pamoja na kutoa, kutengeneza na kubadilisha miguu ya bandia na magongo.

Ndugu wengi wa ufuko huu wa Tanganyika wamefanya kazi upande wa pili wa mpaka, Kigoma na kwingineko Tanzania, hasa waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, na baadhi yao walirudi Rumonge na makovu ya kazi za huko. Chini ya sheria ya zamani ya Tanzania, Sura ya 263, fidia ya ulemavu wa kudumu ilikuwa na kikomo cha shilingi 108,000. Wakati kikomo hicho kinawekwa kilikuwa na uzito wake. Lakini bei zilipanda mwaka hata mwaka, nacho kikabaki palepale vitabuni, hata ikafika siku ambapo fidia ya mkono mzima haikutosha kununua baiskeli mpya. Ilibadilishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wake, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Katika mpango huo mpya asiyeweza kufanya kazi kwa muda hupewa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Aliyelemaa kwa zaidi ya asilimia 30 hupewa pensheni ya kila mwezi, na aliye chini ya hapo hulipwa mkupuo. Ajali hupaswa kuarifiwa ndani ya miezi 12, na huo ni muda unaopita upesi kwa mtu aliyelala kitandani.

Wazo la kwamba fidia isilipwe yote kwa siku moja si geni wala si la jana. Mkataba Na. 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unasema fidia ya kulemaa kwa kudumu ilipwe kwa vipindi, na mkupuo uruhusiwe pale tu wenye mamlaka wanaporidhika kwamba fedha zitatumiwa vizuri. Mkataba huohuo unataka aliyeumia apewe matibabu na dawa, na viungo vya bandia ambavyo vitabadilishwa vikichakaa. Pale ambapo fedha hutolewa badala ya kiungo, lazima ziwe zimekadiriwa kwa gharama ya kukipata na ya kukibadilisha tena. Nao mkataba wa mwaka 1921, Na. 12, ulikwisha kutaka sheria za fidia ziwafikie wafanyakazi wa mashamba kama wa viwandani. Tangu zamani hizo, basi, walikuwapo watu waliojiuliza swali la yule mama wa Kigwena.

Mama huyo alilijibu mwenyewe kwa daftari la shule la mtoto. Hakuandika kwa faranga. Aliandika kwa madumu ya mawese, yale ya lita 20, kwa kuwa alisema faranga hubadilika lakini dumu ni dumu. Nauli ya watu wawili kwenda Bujumbura kumwona daktari wa mifupa, mara tatu kwa mwaka, iligeuzwa kuwa madumu. Chakula cha mgonjwa akilazwa, maana hospitalini jamaa ndio wapikao, kikaandikwa. Bandeji na vidonge. Kiatu cha kuinuliwa kisigino, kwa sababu anayechechemea miaka kumi mwishowe huumwa nyonga na kiuno. Kibarua wa kulima muhogo aliokuwa akilima mume. Mstari uliomfanya anyamaze kwa muda ni wa binti yao mkubwa, ambaye alikosa muhula mzima wa shule akimwogesha baba yake na kubeba maji. Hilo hakujua aligeuze kuwa madumu mangapi, akaliacha wazi.

Waliobeza hesabu ile ya madumu walijifunza baadaye, Mei 2023, faranga iliposhushwa thamani kwa siku chache tu, na dola iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa karibu faranga 2,080 ikavuka 2,800. Fedha za bahasha, kama zingewekwa chini ya godoro, zingenyauka zenyewe bila ya mtu kuzigusa.

Ijumaa karani alipofika, aliambiwa kwa heshima kwamba karatasi haitatiwa sahihi. Hakukasirika sana, ila alisema watu wa Kigwena wamekuwa mawakili. Mume na mke walikwenda kwa mkaguzi wa kazi, ambaye aliwaeleza kwamba zawadi ya mwajiri haiondoi wajibu wake wa kuitangaza ajali. Mwenye shamba, alipoandikiwa barua, aliitangaza. Ilichukua miezi 14. Katika miezi hiyo nyumba iliuza mbuzi wawili na kitanda, na yako maofisa waliosema "rudi wiki ijayo" bila kuinua macho, kana kwamba mtu wa magongo hupaa. Haifai kuficha jambo hilo, kwa maana anayeshauri watu wasubiri lazima aseme pia kwamba kusubiri kuna njaa ndani yake. Mke alibeba njaa hiyo kwa kukopa mikungu kwa wenye mashamba madogo, kukamua mafuta na kulipa baada ya kuuza.

Faili lilipokamilika, asilimia zilipimwa, malipo yakaanza. Yalikuwa madogo. Shemeji alicheka.

Mwaka wa tatu mguu ulivimba. Palifunguka tundu dogo juu ya muundi, pakawa panatoka usaha usiokauka. Ugonjwa huu waganga wanaujua sana. Mfupa uliotoboa ngozi na kugusa udongo huweza kuficha vijidudu ndani yake kwa miezi au miaka, mtu akitembea na kusema amepona, kisha kipande cha mfupa uliokufa kikaanza kutafuta njia ya kutoka. Vidonge peke yake havimalizi. Hupasuliwa, mfupa mfu ukatolewa, na pengine hupasuliwa tena. Mkataji alipasuliwa mara mbili. Gharama zake zingeimeza bahasha yote, na mtumbwi, na mabati.

Kwa kuwa hapakuwa na sahihi ya kumaliza yote, faili lilifunguliwa tena. Halikufunguka kwa urahisi. Aliulizwa: nani ajuaye kama kidonda hiki ni cha ajali ile, si cha jembe? Kilichomsaidia ni cheti cha siku ya kwanza, kilichoandikwa na daktari aliyempokea, chenye tarehe, mguu upi, na maneno kwamba mfupa ulikuwa nje. Cheti hicho mkewe alikuwa amekihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Anayeumia leo na akapata karatasi moja tu, bora iwe hiyo.

Si kila mkupuo ni mtego. Kijana mmoja wa mashine ya kukamulia mafuta, njia hiyohiyo ya Rumonge, alikatika ncha ya kidole kidogo. Kidonda kilifunga kwa wiki sita, akalipwa fungu moja, akanunua nyavu, na mpaka leo anavua mikeke. Kidole kile hakina siku za mbele. Mtu akilipwa mara moja kwa jeraha lililokwisha kusema maneno yake yote, hana la kujutia. Mguu wenye chuma, mgongo uliopooza, jicho lililobaki moja, hivyo bado vina maneno. Aliyeanguka akaumia uti wa mgongo atahitaji kugeuzwa kitandani usiku ili asipate vidonda, atahitaji mipira ya mkojo, atapata homa za figo. Aliyekatwa mguu atakwenda Gitega, katika kituo cha taifa cha viungo vya bandia, na mguu atakaopewa hautakuwa wa mwisho, kwa sababu matope na kazi huuchakaza katika miaka michache. Kila safari ya Gitega, kwa kupanda milima ya Bururi, ni siku mbili na watu wawili.

Wako wengi pia ambao majina yao hayakuandikishwa popote: vibarua wa siku, wanaoitwa asubuhi na kulipwa jioni. Kwao hakuna faili la kufungua, na mara nyingi jambo humalizwa na mwenye shamba mbele ya wazee wa kilima, watu wakakaa chini, wakanywa, wakapatana. Kupatana huko si kubaya. Lakini katika maandiko ya mapatano yao fedha za ulemavu na fedha za matibabu zisichanganywe katika kapu moja. Uandikwe mstari mmoja tu kwa lugha ambayo wote wanaielewa, kwamba matibabu ya baadaye ya kiungo hiki hayamo katika malipo haya, na daktari akithibitisha, mwenye shamba atayachangia. Mwenye shamba mwungwana hukubali, maana naye hajui kama kutakuwa na gharama. Anayekataa mstari huo amekwisha kuonyesha kwamba anajua. Zaidi ya hayo, kadi ya msaada wa matibabu, iliyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa wasio na mshahara wa kudumu, isiachwe kununuliwa eti kwa kuwa tajiri ameahidi.

Malimbikizo ya miezi 14, yalipotoka, mama yule hakuyatia katika mtumbwi wa ndugu yake wala katika mabati. Sehemu aliiweka katika chama cha akiba na mikopo. Sehemu aliigeuza mawese wakati wa mavuno, bei ilipokuwa chini, akayaziba vizuri katika madumu safi na kuyauza miezi michache baadaye. Msimu mmoja bei haikupanda, akarudishiwa fedha zake bila faida. Mafuta hayangojei milele, huchacha. Hata hivyo fungu la mguu, kama wanavyoliita, halijapata kukauka, na mtu wa nyumbani akitaka kulikopa hupaswa kuomba mbele ya wote wawili, mume na mke.

Yamebaki majina. Kazini mkataji aliitwa kwa jina alilopewa msikitini, kitambulisho chake kilikuwa na jina jingine, na orodha ya mshahara iliandika la tatu, lililokosewa herufi mbili. Katika ile miezi 14, minne ilipotea kwa kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja mwenye mguu mmoja mbovu. Ndoa nayo iliulizwa. Kabla ya mwaka 2017, Serikali ilipowataka waishio pamoja bila ndoa ya kisheria waiandikishe kabla ya mwisho wa mwaka ule, wengi wa ufuko huu walikuwa na ndoa ya dini au ya kimila tu. Wao waliandikisha mwaka huo, miezi michache kabla ya kuanguka kwake, si kwa kuona mbele bali kwa kuogopa faini. Mke alikuwa na cheti. Watoto watatu walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Wa nne, aliyezaliwa nyumbani wakati wa mvua, hakuwa nacho, na mama alikifuata mpaka akakipata. Karani wa komuni alimwuliza kwa nini anahangaika hivyo na baba mtoto angali hai. Akamjibu kwamba angali hai, ndiyo, na ndiyo sababu amepata nafasi ya kuja mchana.